Pampu Haikuwa na Makosa

Wacha nianze kwa kujishtaki mwenyewe, ndio msiseme najifanya msafi.

Julai iliyopita nilisimama jikoni kwetu, simu mkononi, nikatangaza mbele ya familia nzima kama daktari aliyesomea ng'ambo: "Ni pampu ya mafuta. Imekufa." Nilikuwa nimetazama video tatu. Tatu tu! Lakini niliongea kwa ujasiri, na kwetu mtu akiongea kwa ujasiri huku ameshika simu, anaaminika. Mzee akakubali. Pampu ikanunuliwa. Pesa ilitoka kwa mathe: zamu yake ya chama, ile aliyoingojea mwaka mzima ili anunue tangi la maji.

Pampu haikuwa na makosa. Asubuhi iliyofuata gari ilikataa kuwaka vilevile, na sasa ilikuwa inakataa ikiwa na pampu mpya.

Kwa hivyo leo niko na maneno na watu watatu. Wa kwanza ni fundi anayebahatisha. Wa pili ni sisi watengeneza video, tunaobahatisha kwa sauti kubwa na muziki nyuma. Wa tatu ni wewe mwenye gari, unayekataa kumlipa mtu apime lakini unalipa spea bila kuuliza swali. Na nikisema ukweli, huyo wa tatu ndiye anawalisha hao wawili.

Gari yenyewe ni Corolla AE100 ya 1994, injini 5A-FE. Imenizidi umri. Tunaishi Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai ya huko si ya kuchezea. Saa tisa na nusu usiku mathe anapakia spinachi na sukuma, buti imejaa, viti vya nyuma vimejaa, anashuka Marikiti. Ukifika mapema unataja bei yako. Ukifika jua limetoka, mnunuzi ndiye anakutajia. Kwa hivyo gari ikikataa kuwaka saa kumi kwetu si usumbufu mdogo. Ni mboga kunyauka kwa magunia na karo ya ndugu yangu mdogo kusukumwa hadi mwezi ujao.

Sasa sikiliza vile tulitibu huyu mgonjwa.

Fundi wa kwanza alisema plagi. Elfu moja mia sita. Hakuna kitu. Akasema basi ni betri, baridi imeimaliza. Elfu saba mia tano. Stata ikazunguka kwa nguvu kama imekunywa chai ya tangawizi, lakini injini haikushika. Fundi wa pili akasema injekta zimeziba, zisafishwe. Elfu tatu. Kisha mimi, profesa wa video tatu, nikasema pampu. Elfu tano mia tano, na elfu moja mia tano ya kazi. Piga hesabu: elfu kumi na tisa na mia moja. Fundi wa tatu hakutaka hata kufungua boneti. Alisema injini imechoka, tuuze.

Katika hao wote, mimi nikiwemo, hakuna hata mmoja aliyewahi kuona gari ikikataa kuwaka. Hebu fikiria. Mathe alikuwa anahangaika nayo saa kumi, inawaka saa moja hivi baada ya kupigwa stata mpaka betri inalia, mzee anaipeleka gereji saa tano jua likiwaka. Fundi anageuza ufunguo, gari inawaka mara moja. Anakuna kichwa, anataja spea. Tulikuwa tunampeleka mgonjwa hospitali homa ikiwa imeshuka, halafu tunashangaa dawa haifanyi kazi.

Na kuna kitu kinaniuma zaidi. Mathe ndiye anaendesha. Mathe ndiye anaijua. Tangu Mei alikuwa anasema, "Hii gari ikishapata moto haina shida." Ilikuwa jibu, liko mezani, bure. Lakini mafundi waliongea na mzee, kwa sababu mzee ndiye analipa na mzee ni mwanaume. Na mimi niliongea na simu yangu.

Nikueleze kwa nini sentensi ya mathe ilikuwa na thamani kuliko elfu kumi na tisa.

Petroli haiwaki ikiwa maji maji. Inawaka ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri. Nyingi inaganda kwenye kuta za mirija kama umande. Kwa hivyo asubuhi injini inahitaji kupewa petroli zaidi ya kawaida mpaka ipate moto. Magari ya kabureta yalifanya hivyo kwa choki, ile wazee wetu walikuwa wanavuta kwa mkono. Gari ya injekta haina choki ya kuvuta. Kompyuta ndiyo inaamua injekta ibaki wazi kwa muda gani, na inajua kuna baridi kwa kuuliza sensa moja ndogo inayokaa kwenye maji ya injini. Sensa ikisema baridi, petroli inaongezwa. Sensa ikisema moto, inapunguzwa.

Sasa rudi kwa mathe: ikipata moto haina shida. Pampu iliyochoka haijali sana kama injini ni baridi au moto. Itakusumbua zaidi ukipanda mlima na mzigo, gari inakosa nguvu, inakohoa. Mathe alikuwa anapanda kurudi Limuru kila siku bila kukohoa hata mara moja. Mtu yeyote aliyetulia dakika tano angeacha pampu kwanza. Hakuna aliyetulia, kwa sababu hakuna aliyelipwa kutulia.

Na ule ushahidi wangu mkubwa? Kwenye video, jamaa aligeuza ufunguo hadi ON, pampu ikanguruma sekunde mbili, akasema usiposikia hiyo sauti basi pampu imekufa. Nikageuza wetu. Kimya. Nikapata kesi! Kile sikujua ni kwamba Corolla yetu haifanyi hivyo hata ikiwa nzima. Inangoja stata izunguke ndiyo pampu ianze. Jamaa wa video hakudanganya, alikuwa anaongea kuhusu gari yake. Mimi ndiye nilichukua dawa ya jirani nikampa mgonjwa wetu. Wenzangu wa kutengeneza video, tafadhali: taja gari, taja injini, taja mwaka. "Sababu tano gari yako haiwaki" ni ramli yenye taa nzuri.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja fundi ambaye jirani alitupa namba yake. Kwanza hakuuliza gari gani. Aliuliza, "Nani huiwasha asubuhi?" Nikampa mathe simu. Wakaongea dakika kumi. Kisha akasema, "Leo jioni msiiguse. Nitakuja saa kumi na moja alfajiri. Ni elfu moja mia tano ya kupima, iwe nimepata ama sijapata."

Mzee wangu alikasirika. Ati kupima tu? Bila kubadilisha kitu? Nikamwambia nitalipa mimi, kwa sababu nilikuwa na deni la dhamiri.

Akaja na koti zito, tochi, mita ya umeme ya kawaida na geji ya presha ya mafuta. Gari imelala usiku mzima, ina umande juu. Akamwambia mathe, "Mama, piga vile hupiga kila siku." Ikakataa. Akatabasamu! Alikuwa mtu wa kwanza kuona ugonjwa ukiwa kwa mgonjwa.

Akatoa plagi moja: karibu kavu. Mimi moyoni nikasema si nilisema, petroli haifiki. Akafunga geji kwenye laini ya mafuta, stata ikapigwa, mshale ukasimama karibu PSI 40. Akanieleza kwamba injini hizi hutaka kati ya 38 na 44 mpira wa hewa wa regyuleta ukiwa umetolewa. Akauchungulia huo mpira kama una petroli ndani, maana ukilowa basi regyuleta imepasuka. Ulikuwa mkavu. Akangoja dakika tano injini ikiwa imezimwa, presha ikakaa juu ya 21 inayotakiwa, maana yake haivuji kurudi kwa tangi wala kupitia injekta. Kisha akaniangalia: "Kijana, mafuta yako mlangoni. Nani amekataa kufungua mlango?"

Akaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kile kisanduku cha DIAGNOSIS chini ya boneti, taa ya injini ikapepesa sawasawa bila kutoa namba. Waya wa sensa ya maji ungekuwa umekatika, angepata 22. Hakukatika. Kwa hivyo akachomoa sensa yenyewe na kuipima. Ohm 340.

Kwa baridi ile ilipaswa kuwa juu ya 2,000. Kati ya 200 na 400 ni injini iliyofika nyuzi 80. Sensa yetu ilikuwa inaambia kompyuta, saa kumi na moja alfajiri, Limuru, Julai, kwamba injini ni moto kama chai. Na kwa sababu 340 ni namba ya kuaminika, kompyuta haikushuku kitu. Haikuwasha taa. Ikaamini, ikapunguza petroli, na mathe akabaki akipiga stata gizani.

Hakuniambia "nunua sensa". Alitoa mfukoni kirezista kidogo cha ohm 3,000, kile cha kutengenezea redio, akakichomeka mahali pa sensa. "Mama, piga." Gari ikashika kabla mathe hajamaliza kugeuza ufunguo. Ndipo akasema: sasa nunua sensa. Mia nane.

Elfu mbili mia tatu kwa jumla. Toa hiyo kwa elfu kumi na tisa uone vile ujasiri bila kipimo ni ghali.

Najua sasa mko tayari kuwachoma mafundi. Ngojeni kwanza. Nilimuuliza kijana mmoja fundi wa rika langu mbona hawapimi. Akanijibu bila aibu: "Nikikuambia ilikuwa waya, nimekaza, utanipa mia mbili na uninunie. Nikikuambia ni pampu, unatoa elfu sita na unasema asante." Sikuwa na jibu. Ni kweli. Sisi tunalipa chuma, hatulipi kichwa. Mtu akikaa saa nzima akifikiri tunasema hajafanya kitu. Akichafua mikono na kutoa kitu kwenye boksi tunasema huyo ni fundi. Basi wamejifunza tunachonunua, wanatuuzia. Faida yao wanaificha ndani ya bei ya spea, na ili iwepo, lazima spea iwepo. Wewe ndiye uliandika huo mkataba.

Kuna wanaosema, "Sina pesa ya kupima." Nimewasikia, na nasema nyinyi ndio hamna pesa ya kubahatisha. Tajiri akikosea spea tatu anacheka. Mathe akikosea moja, maji anayachota kwa ndoo mwaka mwingine.

Wengine wanasema mafundi wetu hawana mashine za kisasa. Mashine gani? Nimewatajia vifaa: mita, geji, waya, kirezista na subira. Gari ya 1994 ilitengenezwa izungumze kwa kupepesa taa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu kuamka saa kumi.

Na wale wa "uza hiyo mzee, nunua mpya": gari mpya pia ina pampu kwenye tangi, regyuleta na sensa ya maji. Usipobadilisha tabia utabahatisha kwa spea za bei mara tatu.

Sisemi pampu hazifi. Zinakufa, na nyingi tunaziua sisi. Pampu ya ndani ya tangi inapozwa na petroli inayoizunguka. Najua bei, kila tarehe 14 tunangoja EPRA kama tunangoja matokeo ya KCSE. Lakini ukiishi kwa kuweka mia tano na taa ya mafuta ikiwaka mwezi mzima, pampu inafanya kazi kwa joto, na uchafu wa chini ya tangi unavutwa hadi kwa filta. Kuna pia mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa, mchezo uliofanya serikali mwaka 2018 iongeze ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ipotee. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi, na asubuhi ya baridi ndiyo utayajua. Kama shida ilianza baada ya kujaza mahali pageni, mwambie fundi hilo kabla ya yote.

Sasa, gari ikikataa kesho, usikimbilie spea na usikimbilie video, hata yangu. Andika haya kwanza kwenye simu:

1. Inakataa ikiwa baridi tu, moto tu, ama wakati wote? Ikiwa baridi tu, taja hiyo sentensi kwanza kwa fundi.

2. Stata inazunguka kwa nguvu ama inavuta miguu? Ikivuta miguu, anza na betri, vichwa vyake na waya wa chini. Hayo si mambo ya mafuta.

3. Piga sekunde tatu, acha, piga tena. Ikishika mara ya pili ama ya tatu, huenda presha inavuja usiku. Usipige zaidi ya sekunde kumi mfululizo, utachoma stata bure.

4. Kuna harufu kali ya petroli ama moshi mweusi ikiwaka? Hapo mafuta yamezidi, hayajapungua. Ni ugonjwa tofauti kabisa.

5. Ikishawaka, inakosa nguvu mlimani? Hapo ndipo pampu na filta zinaingia kwa orodha ya washukiwa.

Laini ya mafuta usiifungue mwenyewe, ina presha, na petroli haina huruma na mtu mwenye sigara ama waya unaotoa cheche. Hiyo mwachie mwenye geji. Kazi yako ni kuleta ukweli wa saa kumi alfajiri.

Halafu mwambie fundi maneno haya, kama vile tulivyojifunza kuchelewa: "Nataka upime. Nitakulipa kupima, hata kama ni waya tu." Mwachie gari ilale kwake ili aiwashe mwenyewe ikiwa baridi. Akikuambia badilisha kitu, muulize umepima nini na umepata namba gani. Kuuliza si ujinga. Fundi wa kweli atafurahi, kwa sababu hatimaye kuna mtu amegundua kwamba kazi yake iko kichwani. Akikasirika, umejua pia.

Na ikiwa gari inaendeshwa na mama yako, ama dada yako, ama dereva wa kuajiriwa, mpe yeye simu aongee na fundi. Wewe kaa kando na pesa yako.

Corolla inawaka. Leo saa kumi nimeisikia ikishika nikiwa kitandani, mara moja, na taa zake zikapita dirishani. Pampu ya zamani bado niko nayo kwenye boksi chini ya kitanda, nzima kwa vile najua. Tangi la maji bado halijanunuliwa. Nimemrudishia mathe elfu tatu, na kila nikiweka video ikaleta kitu, kitakwenda huko mpaka deni liishe.